Nani Alikutuma Uifue Sauti Yangu?

Kijiji cha Kerende,
S.L.P. 46,
Tarime.
12 Agosti 2024

Mpendwa mwanangu Felix,

Marahaba. Najua ukiona mwandiko huu utasema shikamoo shangazi hata kama uko peke yako chumbani, basi nimeshaitikia kabisa, tusipotezeane muda.

Habari za Dar es Salaam? Vivian anaendeleaje tangu ajifungue? Anapata uji wa ulezi, au huko mnamnywesha vitu vya pakiti? Mtoto ananyonya vizuri? Na mgongo wako, ule uliokuwa unakusumbua kwa kukaa kutwa studio, umepona? Nauliza kwa moyo mweupe, maana salamu zikiisha moyo huo nauweka kando.

Sisi huku hatujambo. Mume wangu Kornelio kifua kimeachia tangu baridi ipungue. Mahindi tumevuna, si haba. Yule ng'ombe mwekundu uliyempiga picha Krismasi amezaa ndama jike. Na dada yako Ester, binti yangu, ameletewa ng'ombe wa mahari, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu, au sikurekodi ujumbe wa sauti kwenye simu ya Ester kama watu wengine. Mwanangu, wewe sauti yangu ukiipata unaifua. Karatasi hutaweza. Umeanza kunielewa? Basi kaa vizuri.

Krismasi ulikuja hapa na vyombo vyako vya kurekodia. Ukaniweka chini ya paa la jiko, ukanishikisha maikrofoni, ukaniomba wimbo wa kupokea ng'ombe wa mahari, ule alioniachia mama yangu, bibi yako Boke. Nikakuimbia mara tatu, kwa sababu kila nikifika katikati lori la mgodi linapita na vumbi lake. Ulikaa umefumba macho. Ukasema wimbo huu dunia nzima itausikia. Nikakuchinjia jogoo. Jogoo yule alikufa bure.

Sauti yangu unaijua. Nimezaliwa nayo. Ni nzito, kavu, inakwaruza kama jembe lililogusa jiwe, na ikipanda juu inakatika. Shuleni mwalimu wa kwaya aliniweka mstari wa nyuma akaniagiza nifungue mdomo tu, nisitoe kitu. Nesi akanipa dawa ya kikohozi na mimi sina kikohozi. Aliyenitoa katika aibu hiyo ni bibi yako Boke, ambaye sauti yake ilikuwa hiyohiyo. Alinifundisha nisifiche pale inapokatika, maana pale ndipo wenzangu wanapopata mlango wa kuingilia.

Na ndivyo tunavyoimba hapa mpaka leo. Mimi naanzisha, naupandisha wimbo, sauti ikikatika tu wanawake wanapokea. Hakuna anayehesabu wala anayepunga mkono. Ni miaka arobaini sasa nawapokelea watu ng'ombe wao, na hakuna aliyewahi kukosea mahali pa kuingia.

Sasa sikia ulichofanya.

Jumamosi ya tarehe 27 Julai Mzee Mseti wa Nyambureti, baba wa bwana harusi, alituletea ng'ombe wa Ester. Wewe umekulia huku, ingawa Kikurya umekisahau mpaka nakuandikia Kiswahili, kwa hiyo hili unalijua: kwetu ng'ombe wa mahari hawaingii zizini kimya. Kimya ni cha msiba. Lazima wapokelewe kwa wimbo tangu langoni.

Matiko, mwanangu wa pili, akakodi spika kubwa. Akaniambia leo mama pumzika, wimbo aliourekodi Felix umefika, tutaupiga huo. Sikuwa nimeusikia, simu yangu ni kitochi. Nakiri nilifurahi. Nikajifunga kitenge kipya, nikakaa kwenye kiti kama mgeni rasmi, nasubiri kujisikia. Hapo kosa ni langu, sikatai.

Ng'ombe wa kwanza akatokeza langoni, Matiko akabonyeza. Jamani, Felix! Kwanza nikasikia kinanda. Kisha ngoma ambayo haikupigwa na mkono wa mtu. Kisha kisichana fulani kinaimba maneno yangu, kwa kisauti chembamba, laini, kilichonyooka toka mwanzo hadi mwisho kama lami. Nikageuka kumtafuta huyo msichana. Haki ya Mungu nilimtafuta! Ester ndiye aliyeinama akaninong'oneza kwamba, mama, ni wewe.

Wanawake walikuwa wamesimama tayari, vigelegele viko mdomoni. Walisubiri sauti ikatike ili wapokee. Haikukatika. Wimbo ukapanda, ukashuka, ukazunguka, ukarudi ulikotoka, na hakuna mlango. Wakatazamana. Mmoja akajaribu kuingia, akajikuta peke yake, akanyamaza. Nami nikainuka niimbe mwenyewe, lakini spika ilikuwa inanishinda nguvu kwa wimbo wangu mwenyewe. Ng'ombe wote wakaingia zizini, na hakuna binadamu hata mmoja aliyewapokea.

Mzee Mseti akamtazama Kornelio. Kornelio akatazama miguu yake. Upande wa bwana harusi wakaanza kunong'ona kwamba sisi hatuwataki, au tumeficha msiba. Ester aliingia ndani akalia, hakula chakula cha siku yake mwenyewe.

Wazee wamekaa wakaamua. Ng'ombe watatolewa wote nje, wasimame barabarani, waingizwe upya kwa wimbo, Jumamosi ya tarehe 31 mwezi huu. Mpaka hapo Ester haendi kwa mumewe. Binti wa watu yuko hapa, nguo ziko kwenye sanduku, anafagia uwanja uleule kila asubuhi kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Na yote hayo kwa sababu ya mashine yako.

Nilimbana Matiko, akanisomea ujumbe uliomtumia pamoja na wimbo. Uliandika hivi: "Nimemsafishia shangazi sauti, ile ya mwanzo ilikuwa imeharibika." Imeharibika! Ebo! Mimi ni maziwa? Nililala nje bila kifuniko?

Halafu watu wananipongeza. Hilo ndilo linanichoma kuliko yote. Mama mmoja wa kwaya kanishika mkono kanisani, kaniambia hongera Waisiko, kumbe una sauti nzuri hivi. Kumbe? Miaka arobaini nimekuwa nikimwimbia nini huyu mama? Matiko ananiambia mtandaoni wamesikiliza watu elfu sita. Basi elfu sita wamesikiliza, na hakuna hata mmoja aliyenisikia mimi. Na jina langu umeliandika pale, kwa herufi kubwa.

Hebu nikuulize wewe mtaalamu. Unamkumbuka jirani yetu Okal, anayeleta mitumba kutoka Sirari? Siku za gulio anapiga nyimbo za huko kwao, ng'ambo ya mpaka. Kuna mzee mmoja anaimba kama ana ugali wa moto mdomoni. Kuna mwingine anaimbia puani kabisa. Kijaluo sikijui hata neno, lakini wakianza wale, watu wanaacha kuchagua nguo wanasimama, na mimi mmojawapo. Na yule mama wa muziki wa dansi wa zamani, ambaye kila neno analitoa kama anamgombeza mtu aliyerudi amechelewa, redio ikimleta mimi na Kornelio tunaacha hata kula. Mbona hao hakuna aliyewafua?

Mura, kijana wangu, watu hawaipendi sauti kwa sababu haina doa. Wanaipenda kwa sababu wakiisikia upande wa pili wa ukuta wanasema, ee, huyo ni fulani. Hawa vijana wenu wa redioni siku hizi siwezi kuwatenganisha hata kwa kulipwa, wote wamepigwa pasi moja. Huyu akimaliza mwenzake anaendelea, mimi nadhani bado ni yuleyule. Kisha mnakuja huku na vyombo vyenu kutafuta kitu tofauti, mkikipata mnakwenda kukifananisha na vile mlivyonavyo. Kama ni hivyo ulikuja kufanya nini? Si ungerekodi hukohuko?

Na usiniambie ulitaka kunisaidia. Najua ulitaka kunisaidia, ndiyo maana sijakuapiza. Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Ule mkwaruzo unaoufuta kwa kidole kimoja una bibi yako ndani yake, na una wanawake wote wa hapa, kila mmoja anajua nafasi yake humo. Uliona kasoro yangu ukasahau wanaoitikia.

Nikuambie na la moyoni, maana hasira peke yake si ukweli wote. Niliumia. Tangu siku ile sijaimba. Shambani nikitaka kuanzisha, nakumbuka lile neno lako, naufunga mdomo. Kanisani nasimama mstari wa nyuma na hakuna aliyeniweka. Yule mwalimu wa kwaya hakuniweza, Felix, wewe umeniweza, kwa sababu yeye hakuwa mtoto wangu. Na tarehe 31 watu wananitegemea, Ester ananitegemea, nami nilikuwa sijui kama koo litafunguka. Nimeogopa, na mimi si mwoga, unanijua.

Kwa hiyo nakuagiza, sikuombi. Kitu kile kiondoe huko mtandaoni kabla ya Jumamosi hiyo. Ule wimbo wa kwanza, wenye mikwaruzo yake na lori lake la mgodi, umtumie Matiko kama ulivyo. Halafu upande basi uje mwenyewe. Hutashika spika. Utasimama langoni pamoja na wanawake, usikie kwa masikio yako sauti inakatika wapi na kwa nini. Mzee Mseti utamwomba radhi kwa mdomo wako, ni mtu mwelewa.

Limebaki la mtoto. Uliniomba nimpe jina, na mimi kwa hasira nikakaa kimya, wiki tatu sasa mnamwita mtoto tu. Hilo nimekosa, mniwie radhi, hasa Vivian ambaye hana hatia.

Jana Vivian alimtumia Ester sauti ya mtoto akilia. Nilikuwa jikoni napepeta ulezi, Ester akaja akaniwekea simu sikioni bila kuniambia ni nini. Felix, nilidondosha ungo. Kitoto kinalia kwa sauti kavu, nzito, inakwaruza. Ikapanda, ikapanda, ikafika juu ikakatika. Na ilipokatika, mimi bila kufikiri nikapokea. Nikasikia Ester naye amepokea. Tukaurudia wimbo wote hapohapo jikoni, ulezi uko chini, kuku wanakula, machozi yananitoka, anayeanzisha ni mtoto wa wiki tatu aliye Dar es Salaam.

Kwa hiyo koo limefunguka. Tarehe 31 nitaimba.

Na mtoto mwite Boke. Wakikuambia hospitali kwamba ana kikohozi, waambie hana, ni ukoo. Siku atakapowekwa mstari wa nyuma mahali popote, mtoe wewe mwenyewe kwa mkono wako. Na ole wako nisikie umempeleka studio kumsafisha.

Msalimie sana Vivian, mwambie namtumia ulezi na samli kwa basi la Ijumaa. Kornelio anakusalimu, anasema uje na koti, asubuhi bado kuna baridi. Matiko anakusalimu kwa aibu. Ester anakusalimu, hajakukasirikia, mimi nimekasirika kwa niaba yake. Mama zako wote wa kuitikia wanakusubiri langoni.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na asikuondolee kasoro ambazo sisi tunakutambulia.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,

Waisiko