Kadeneta Uliyosema Imeungua

Kaka Amadi,

Tangu asubuhi nimekaa na kalamu, cherehani imenyamaza. Wamekuja wawili kuulizia sare za shkola za watoto wao, nimewaambia warudi kesho. Nilitaka kuanza kwa kukusalimu kama nilivyozoea, nikashindwa.

Umezikwa vizuri. Watu walijaa, hata wa Quionga walikuja, wengine kwa miguu. Mkeo yumo ndani, anakaa eda, chakula anakigusa tu. Paa la jikoni uliloliacha nusu limemaliziwa. Simu yako tumempa mwanao Asani.

Wiki mbili zilizopita ningekuandikia haya kwa mapenzi. Lakini siku ya arobaini yako alikuja Rehema.

Hukuwahi kunitajia jina hilo. Alifika wanaume wakimaliza hitima barazani, sisi wanawake tuko uani tunapakua wali. Msichana wa miaka kumi na minane hivi, mrefu, ushungi wa kijani, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kanga. Alisalimia wote, akasema ametoka Pemba, hii yetu ya bara, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi ni mtoto wa marehemu."

Wifi Zuhura alisikia kutoka mlangoni kwake. Alimtazama kitambo kirefu, akasema, "Mpeni chakula. Ana pua yake."

Nilidhani hilo ndilo litakuwa zito la siku ile. Mke mwingine Pemba, mtoto mkubwa, na sisi tukiamini kila safari yako ni ya samaki wakavu. Nilikasirika, ndiyo, ila nilikasirika kwa niaba ya wifi. Dini inakuruhusu, kaka. Ungesema tu, tungelalama mwezi mmoja, kisha tungezoea.

Kisha akafungua ile kanga.

Unajua kilichokuwamo. Lakini nitakuandikia yote kama kwamba hujui, kwa sababu sina hakika tena wewe ulikuwa unakumbuka nini na ulikuwa unabuni nini.

Ilikuwa kadeneta ya Baba. Zama za Mreno, Baba alipokuwa kijana wa kubeba magunia dukani hapa Palma, pipi zilikuja zimeviringishwa ndani ya picha ndogo za wachezaji mpira. Kila picha ina namba yake, na kulikuwa na kitabu cha kuzibandika, ndiyo kadeneta. Aliyejaza kitabu chote alipewa mpira wa ngozi. Baba hakujaza. Mreno aliondoka, duka likafungwa, pipi zikaisha, na Baba akabaki na nafasi ishirini na tatu tupu. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho alituita mimi na wewe. Chini ya jina lake kwenye ukurasa wa kwanza akaandika kwa mkono wake mwenyewe: Amadi na Atija. Akasema, "Mpira siutaki tena. Nataka ijae tu."

Tuliihangaikia miaka kumi na mitano. Kila tuliposikia kuna mzee aliyekuwa mlaji pipi ujanani, tulikwenda. Wewe ulikuwa na maneno, watu walikufungulia masanduku yao. Mimi nilikuwa na mikono. Yule mkunga wa Quionga alikuwa amezibandika ndani ya kifuniko cha sanduku, tatu, akasema hazitoki. Nikachemsha maji, nikazipitishia mvuke wa birika, nikazibandua moja moja kwa wembe wa cherehani kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Yule kinyozi wa Mucojo alikuwa nazo tano, zimezunguka kioo chake. Hakutaka kuziachia. Nilimshonea pazia la mlango wa kibanda, maua mekundu kama alivyotaka, ndipo akazitoa, na bado akakutazama wewe akasema, "Dada yako ana subira kuliko wewe." Njia nzima ya kurudi ulikuwa unaniiga sauti yake. Gundi tulipika kwa unga wa muhogo. Nilikuwa napaka mimi, unabandika wewe, kwa sababu ulisema vidole vyako vimenyooka zaidi.

Ikabaki moja. Golikipa. Jina lake limeandikwa chini ya nafasi tupu, sura yake hatukuijua. Ulikuwa unasema lazima ana masharubu. Mimi nilisema ana sura ya mtu aliyefungwa mabao mengi.

Kisha vita ikaingia mjini, tukakimbia. Sitaki kuandika mbio zile, ulikuwepo. Tuliporudi, nyumba yako ilikuwa kuta nne nyeusi. Nilikuuliza swali moja tu, "Kadeneta ilikuwa wapi?" Ukanijibu, "Ndani ya sanduku la bati, chumbani."

Nilichukua ungo wa kupepetea mchele. Siku mbili, kaka, nilipepeta jivu la chumba kile. Wewe ulikuwa unalizoa kwa sufuria iliyotoboka, unanimiminia. Tukapata bawaba za sanduku. Tukapata kitasa. Kila kijikaratasi cheusi nilikiokota nikakipuliza, nikitafuta jezi, nikitafuta namba. Siku ya pili uliniwekea mkono begani ukasema, "Mdogo wangu, tuache. Imekwisha." Ukalia. Nikakubembeleza. Nilikufuta jivu usoni kwa upindo wa kanga yangu.

Nimemuuliza Rehema ulimpa lini. Amesema alikuwa darasa la sita. Kaka, darasa la sita ni kabla ya moto. Mle chumbani hamkuwa na kadeneta. Ulijua, na bado ulizoa jivu ukanimiminia kwenye ungo.

Sasa naelewa kwa nini mwaka ule wa mwisho kabla ya moto kila nilipokuomba niione ulikuwa na sababu. Mchwa wameingia. Nimeifunga vizuri, tusiifungue. Funguo iko kwa Zuhura. Mimi hata sikukushuku.

Lakini hilo nalo silo lililoniua. Liko jingine.

Nilipoiona kadeneta mikononi mwa yule msichana, nilikaa juu ya mfuniko wa kisima. Yeye hakunijua mimi ni nani. Akawa anawafungulia wanawake kurasa kwa furaha ya kuonyesha kitu cha baba yake. Akafika mwisho, akaweka kidole, akasema, "Na huyu golikipa tulimpata mimi na Baba, kwa bibi mmoja mshona magodoro kule Pemba. Ndiyo ikajaa." Akasema mwezi aliopatikana. Mwezi ule ulirudi Palma, ukala kwangu pweza wa nazi, ukaomba uongezewe. Hukusema kitu.

Nikamsikia mtu anamwambia, "Basi mpe shangazi yako naye aione." Akauliza yupi. Akaonyeshwa mimi. "Shangazi yako Atija."

Rehema alisimama na kadeneta wazi mkononi. Akasema, "Tia Atija si amekufa?"

Nadhani wenzangu waliona ni kosa la ulimi. Mimi nilimtazama machoni nikaona si kosa la ulimi. Nikaingia jikoni, nikaosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Alinifuata. Alilia kabla hajaanza kusema. Akaniambia kwamba alipokuwa mdogo ulikuwa unamsimulia habari zangu na za Baba na za picha, na yeye akawa anakusumbua umlete Palma anione. Kila likizo anauliza. Siku moja ukamwambia nimefariki. Ukamwambia homa. "Nililia wiki nzima," akasema. "Kila Alhamisi nakusomea Yasini."

Nimefikiri sana, na sababu naiona. Mtoto angekuja, angeongea, nyumba zako mbili zingejuana. Ukatafuta njia fupi, ukaona njia fupi ni kunizika. Labda ulisema utarekebisha baadaye. Lakini miaka yote ile, mimi nimekaa hapa nashona, na Pemba kuna mtoto ananiombea rehema za kaburi. Ulikuwa unatoka kwake akiwa na msahafu mkononi, unakuja kwangu, unabisha hodi, nakuitikia. Ulikuwa unanitazamaje?

Na kuna jambo ambalo ningependa lingekuwa kazi ya mtu mwingine. Nilifungua ukurasa wa kwanza. Jina la Baba lipo. Amadi lipo. Mbele yake karatasi imekuwa nyembamba, ukiinua unaona mwanga. Umekwangua kwa wembe. Umeanza na "na", ukafuata jina langu herufi kwa herufi, taratibu, hukutoboa. Mwandiko wa Baba ule. Hapo ndipo nilipojua vidole vyako kweli vimenyooka.

Rehema alilala kwangu siku tatu. Sikumtaka siku ya kwanza, nakwambia kweli. Nilimtandikia mkeka nikamgeuzia mgongo. Asubuhi akaniuliza kwa adabu kama ni kweli ulibandua picha za mkunga kwa mvuke wa birika.

Nikamwambia, "Birika ni hilo hapo jikoni. Ni langu."

Akalitazama. Akasema, "Basi niambie na mengine yote, tia. Nisije nikawasimulia wanangu uongo."

Nikamwambia. Ukurasa kwa ukurasa, nani alikuwa na picha gani, nani alikataa, nani alitupa bure, nani alifariki kabla hatujarudi kumshukuru. Nikamwambia na la ungo na jivu. Hilo nilisita, kwa sababu baba ni baba. Lakini nilikwisha choka kuwa mtu anayefichwa vitu. Alisikiliza hadi mwisho, akasema tu, "Na mimi alinidanganya." Tukakaa pamoja hivyo, watu wawili wenye kesi moja.

Siku ya kuondoka aliniwekea kadeneta mapajani. "Ni yako." Akatoa na kalamu, akataka kuandika jina langu mahali lilipokuwa. Nikamzuia. Nikamwambia, "Paache palivyo. Mtu akiuliza pamefanywa nini, mwambie." Kadeneta nimempa arudi nayo. Baba alitaka ijae, imejaa, na aliyemalizia ni yeye. Sikutaka kumnyang'anya mtoto kitu ili nikukomoe wewe, ingawa moyo ulitaka.

Golikipa hana masharubu. Ni kijana tu, anatazama pembeni, kama mtu aliyeitwa jina lake.

Wifi Zuhura amejua yote. Amesema eda ikiisha atapanda gari kwenda Pemba kumwona yule mwenzake, wakae, wakusengenye vizuri. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu ufe.

Ulipokuwa mbele yetu kwenye jeneza, walisimama wakauliza kama wanavyouliza, mwenye haki yake kwa marehemu amsamehe. Mimi nilikuwa kwa wanawake, nikaitikia kwa sauti kuliko wote, nimesamehe. Nilisema nikiwa sijui ninachosamehe. Nimemuuliza mwalimu wa madrasa kama neno lile linahesabiwa. Amesema Mungu anajua. Jibu hilo halijanitosha.

Kaburini sijarudi. Wenzangu wanakwenda Ijumaa, mimi nawapa udi wakuchomee. Nakukumbuka ukimwiga yule kinyozi, nataka kucheka, kisha nakumbuka wembe. Vyote viwili ni wewe, na sijui nimlilie yupi.

Nakuaga, kaka. Sikusamehe leo, na sitasema nimesamehe kwa sababu watu wanasikia. Siku nitakayoweza, nitakuja mwenyewe makaburini nikwambie kwa mdomo wangu, na hapo litakuwa neno la kweli. Ikiwa sitaweza, utalikuta kwa Mungu.

Ahadi yangu ni hii. Rehema amesema likizo ijayo atakuja, na nimemwambia njoo. Nitamfundisha cherehani. Nitampeleka Quionga, watu wetu wamwone. Akiolewa, nitasimama mimi upande wa baba. Si kwa ajili yako. Miaka yote hii amenisomea Yasini nikiwa hai, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kunifanyia hivyo.

Mdogo wako,
Atija, niliye hai, Palma