Jumatatu za Bamvua

Jumapili, 3 Agosti 2025

Haidar kaondoka jana. Siku nne tu. Mbili kazimaliza kwa mamaake, moja kalala, moja tumegombana kuhusu sufuria. Nyumba hii ya Madungu ina vyumba viwili, na leo vyote vimenizidi.

Mkataba wake wa useremala kule hotelini Unguja unaisha mwezi huu. Bosi wake anataka asaini mwengine, wa miaka miwili. Jibu atoe Ijumaa ya tarehe 29, kabla ya saa kumi jioni. Tumekubaliana hivi: nikipata kazi hapa, hasaini, anarudi kufungua karakana yake Chake Chake. Nisipopata, anasaini. Nilikubali haraka kama mtu anayechagua vitunguu.

Mlangoni akaniuliza, we mwenyewe unatakaje, Wema? Nikamjibu utakavyoona wewe. Sijui kwa nini kila mara najibu hivyo. Boti ilikuwa haijang'oa nanga nishaanza kuwa na hamu naye.

Jumanne, 5 Agosti

Tangazo! Nahla, mtoto wa mamdogo, ndiye aliyenitumia. Mradi wa mwani unatafuta mratibu wa vikundi vya wanawake, Pemba kusini, ofisi hapa hapa Chake. Wanataka diploma ya maendeleo ya jamii — ninayo, ina miaka minne ndani ya bahasha. Mwisho tarehe 12. Wasifu, barua ya Kiingereza, na mpango kazi wa miezi mitatu.

Chini kabisa wameandika kwamba kutumia akili mnemba ni ruhusa, ila useme umeitumia wapi, na kila neno utaulizwa wewe.

Nimekulia Chokocho, kwenye mwani wa mama. Kazi hii kama wamekuja kunipima mabega kwanza ndipo wakaishona. Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama jikoni na wali ukaungua.

Jumatano, 6 Agosti

Nahla kaja na simu yake, kaniwekea hiyo akili mnemba, AI, kanionesha pa kuandika. Nikaandika: nina diploma, nilijitolea miezi mitano ofisi ya sheha, nimelima mwani na mama yangu tangu nikiwa skuli. Kufumba na kufumbua ikaniletea wasifu. Jamani. Mtu yule namtamani. Kaongoza wanawake mia na hamsini. Kaongeza mavuno. Ana "uzoefu uliothibitika" na lugha tatu.

Nikamwambia Nahla mia na hamsini wametoka wapi, sisi tulikuwa mama, mie na Mwanabaraka wa jirani. Nahla akacheka, akasema wacha, kila mtu anaacha, wewe peke yako ukijifanya mkweli utabaki nje unachungulia.

Nimefuta. Mia na hamsini, nimefuta. Mavuno, nimefuta. Wasifu umebaki mfupi kama ushungi wa mtoto. Nimekaa nao nikamwonea wivu yule mwanamke niliyemfuta. Angeshapata kazi, na mumewe angekuwa nyumbani anapiga randa uani.

Alkhamisi, 7 Agosti

Barua. Kiingereza changu kinatembea kwa mkongojo, kwa hiyo nimeandika kwa Kiswahili changu, AI ikanigeuzia. Neno nisilolijua nimeuliza maana yake, lisilonikaa nimeondoa. Imenichukua kutwa nzima. Nahla alitaka niipe pia orodha ya kikundi cha Chokocho, majina na namba za simu, ati barua ipate uzito. Nimekataa. Wale mama hawakunipa namba zao nizipeleke nisikokujua.

Sentensi moja nimeiacha vile vile, yangu: "Mwani naujua kwa mikono, si kwa kusoma." Imekaa vizuri hata kwa Kiingereza.

Haidar kapiga magharibi. Kakohoa simu nzima. Natamani ningekuwa pale nimsugue kifua.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepeleka. Saa nane mchana, kwa mtandao wa Nahla.

Mpango kazi ndio ulionishinda. Sijawahi kuandika hata mmoja. Jana nikaiambia AI inifanyie, ikanifanyia — jedwali, malengo, viashiria, kila kitu mahali pake. Nikakagua hesabu, nikakagua majina ya shehia. Ulikuwa mzuri! Ulikuwa kama nilivyotaka niwe.

Fomu ina kisanduku cha kusema umesaidiwa wapi. Nimeandika: wasifu na barua. Mpango sikuutaja. Nilisema moyoni nimeusoma wote, basi ni wangu. Nimeandika hapa ili angalau pawe pahala pamoja nilipoutaja.

Jumatatu, 18 Agosti

Wamepiga simu! Usaili Alkhamisi, saa tatu asubuhi. Tuko watano.

Mama kalia. Haidar kaniuliza bei ya mbao Chake. Ndio furaha yake hiyo, namjua. Tumepanga meza ya kwanza atakayoitengeneza itakuwa yetu, tuache kulia mkekani wageni wakija. Sijui kama nitalala.

Alkhamisi, 21 Agosti

Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Walikuwa watatu. Bwana Nassor, meneja wa mradi, mwenye sauti ya taratibu. Msichana wa kuandika. Na mama mmoja wa makamo, baibui kukuu, vidole vimekatikakatika kwa kamba — nikavijua vile vidole kabla ya kumjua mwenyewe. Bi Mwatum, mwakilishi wa wakulima. Kumbe ni wa huko huko kwetu, upande wa pili wa Chokocho. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza we si mtoto wa Saada? Nikasema ndiye. Akafurahi. Nikajiona nshafika.

Barua wakaisifu. Wasifu Bwana Nassor akasema ni mfupi lakini unaaminika. Nikakaa vizuri kwenye kiti.

Kisha Bi Mwatum akachukua ule mpango. Alikuwa na nakala ya Kiswahili, akawa anafuata kwa kidole. Akauliza kwa upole tu, hana hata hasira:

"Mwanangu, hii mikutano yako ya kila wiki mbili, Jumatatu saa tatu asubuhi. Unaanza tarehe nane mwezi wa tisa. Mtakutana na nani?"

Nikasema na wanawake wa vikundi.

"Tarehe nane ni mwezi kumi na tano, Mfungo Sita. Bamvua hilo. Saa tatu maji yanatoka, sisi sote tumo pwani mpaka yarudi. Ishirini na mbili, bamvua. Tarehe sita ile ya mwezi wa kumi, bamvua. Ishirini, bamvua. Nnatafuta hapano siku moja utakayomkuta mtu nyumbani, siioni."

Mie! Niliyekuwa nikikosa skuli siku za bamvua nikamshikie mama kamba. Maji yanarudi yalikotoka kila wiki mbili, na ile mashine ikapanga kila wiki mbili, na ikaangukia pale pale, miezi mitatu mizima, na mie nikahakiki majina ya shehia.

Bwana Nassor akafungua barua akanisomea sentensi yangu. Mwani naujua kwa mikono. Akaniuliza kama mpango huu nimeuandika mwenyewe.

Uongo wote niliufuta, kumbe ukweli wangu wa pekee ndio uliokaa pale mezani ukionekana uongo. Nikaona nikisema ndiyo, basi hata mwani wa mama nitakuwa nimeuzulia. Nikasema hapana. Nikasema AI ndiyo iliyoandika, na kwenye fomu sikutaja, na nilitaja vyengine kwa kuwa vyengine havikunitia aibu.

Yule msichana akaandika. Aliandika muda mrefu kuliko nilivyosema.

Bi Mwatum akasema tu, "Na Saada magoti yakwe yanaendeleaje?" Ningeweza kufa pale.

Nilipokuwa mlangoni nikageuka nikauliza, naweza kuuandika upya? Bwana Nassor akasema wenzako hawakupewa nafasi hiyo. Ukiuleta kabla ya Jumatatu saa sita tutautia kwenye faili. Hatuahidi kuusoma.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimemwambia Haidar. Nilitegemea atanigombeza. Kasema, ungesema ndiyo tu, Wema. Kasema kwa uchovu. Halafu akasema ana kazi, akakata.

Nahla naye kasema vivyo hivyo, ila yeye kwa kelele.

Sijutii kusema kweli. Najutia Jumapili ile niliyoona uvivu kumpigia mama simu. Alikuwa amekaa bure kibarazani anapepeta mchele. Angeniambia kwa dakika moja.

Jumapili, 24 Agosti

Nimekwenda Chokocho. Mama kaning'ang'ania ninywe chai kwanza, kisha akanipa mtandio wake wa kushukia pwani na viatu vyake vya plastiki. Magoti yamemkatalia, hashuki tena mwaka wa pili huu. Alisimama mlangoni akinitazama ninavyokwenda. Nilijua anatamani nini na sikumwuliza.

Bamvua kubwa. Maji yalikimbia mbali. Nikamkuta Mwanabaraka kainama kwenye mistari yake ya mwani. Hakuniuliza nimekuja kufanya nini, kanirushia kamba. Tulifunga mbegu saa tatu nzima. Mgongo ulianza kuuma pale pale ulipokuwa ukiuma nikiwa na miaka kumi na mbili, na chumvi ikaniingia kwenye kucha, na nikawa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu lini sijui. Nilikuwa nimesahau kwamba kazi hii naipenda. Nilikuwa naitaka kwa ajili ya Haidar tu, nilidhani.

Tulipopanda juu nikawauliza wanawake waliokuwa pwani, watu kumi na mmoja, mkutano mnautaka lini. Ikawa vurugu. Maji mafu, yasipotoka mbali, wakasema wote, baada ya laasiri. Ijumaa hapana. Mwezi huu unaoingia kuna maulidi kila kijiji, usituite kabla hujauliza yako wapi. "Na usituweke sana," Mwanabaraka kasema, "wale wa semina ya mwaka juzi walituweka mpaka moto ukazimika majikoni."

Jioni nimekaa na mama na kalenda ya ukutani. Yeye anahesabu mwezi kwa vidole, mie naandika. Kafurahi. Kasema, "Kumbe na mie nnajua kitu cha kuandikiwa ofisini."

Jumatatu, 25 Agosti

Nimeandika kwa mkono, kurasa tatu. Alfajiri nimeipa AI inipangie jedwali na kunionesha nilipoandika ovyo. Tarehe zangu mbili ilizigeuza, ati ziwe na mpangilio. Nimezirudisha. Mwisho nikaandika: mpango huu ni wangu na wa wanawake kumi na mmoja wa Chokocho, jedwali limepangwa kwa akili mnemba, tarehe nimezihakiki kwa mama yangu, Bi Saada.

Nimeufikisha saa tano na nusu. Msichana kaupokea, kaugonga muhuri. Hakuniangalia.

Jumatano, 27 Agosti

Kimya.

Alkhamisi, 28 Agosti

Kimya. Nahla kasikia mmoja wa wale watano kashaitwa. Au kasikia kwa mtu aliyesikia. Nimefua mashuka mawili ambayo yalikuwa masafi.

Ijumaa, 29 Agosti

Saa saba na nusu. Haidar kapiga akitoka msikitini. Wamekupigia? Nikasema bado. Akavuta pumzi. Kasema ofisi inafunga saa kumi, bosi kamwekea karatasi mezani na kalamu juu yake.

Nahla alikuwa hapa. Kaniashiria kwa midomo: mwambie umepata. Na lilinifika ulimini, wallahi. Neno moja tu, na angepanda boti ya kesho.

Akasema, basi nisaini, si ndivyo tulivyokubaliana? Nikajisikia naanza kusema utakavyoona wewe. Nikasema, "Haidar, usisaini."

"Kwani wamesema nini?"

"Hawajasema kitu. Labda sikupata. Mie nakutaka nyumbani."

Nikasikia watu wakipita nyuma yake, na mtu anauza kitu. Nikamwambia miaka miwili siiwezi. Nikamwambia kama kazi sikupata nitashuka pwani na Mwanabaraka, na mistari ya mama ipo. Nikamwambia sina hesabu ya kumpa, nina hayo tu. Nilikuwa nalia na Nahla katoka uani kwa heshima, mara ya kwanza maishani mwake.

Haidar kasema, mbona hukuniambia siku zote hizo? Nikasema sijui. Kasema subiri nitakupigia.

Hiyo ilikuwa saa nane kasorobo. Nimeswali laasiri. Nimefagia uani. Simu imelia mara moja, ni kampuni ya simu wanauza vifurushi.

Sasa ni saa kumi na dakika tano. Ofisi ya kule imefungwa; kasaini au hakusaini, sijui. Hajapiga.