Redio Iliyosikika Hadi Barabarani

Chumba cha uani,
Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa kaka yangu mkubwa,

Habari za huko uliko? Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo na watoto, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua baada ya zamu umepoa. Bado unalalia lile godoro bovu, au hatimaye umemsikiliza mkeo? Huku tunapumua. Presha ya Mama imetulia, ila haongei nami, na sababu yake utaijua sasa hivi. Mimi ni mzima isipokuwa mkono wa kulia, umefungwa bandeji tangu kwenye kifundo. Ndiyo maana mwandiko umelala upande kama mlevi. Nivumilie, usome mpaka mwisho.

Najua Baba Mdogo ameshakupigia simu. Najua pia alichokuambia, maana alisimama sebuleni akipaza sauti kana kwamba anakuita kutoka ng'ambo ya mto: mdogo wetu na mkewe wamekwaruzana kidogo, mimi nikajitia kimbelembele, sasa kitinda mimba wa watu yuko mahabusu kama mwizi. Wamekwaruzana kidogo. Kaka, taya la shemeji yako limevunjika sehemu mbili.

Ngoja nianze mwanzo, kwa kuwa wewe ni mtu wa kutaka mambo kwa mpangilio.

Unaijua kazi yangu pale redio ya jamii, vile vyumba viwili juu ya karakana ya seremala, studio imebandikwa trei za mayai ukutani ili randa zisisikike hewani. Kila mwaka tunapita nyumba kwa nyumba kuwauliza wasikilizaji wanataka vipindi gani. Mwaka jana dodoso lilituumbua. Kila mtu alisema anapenda mafunzo ya afya na habari za baraza, tukajaza siku nzima mafunzo na mabaraza, na wasikilizaji wakatukimbia. Watu wakiona karatasi na kalamu wanajibu kama wako mbele ya mwalimu mkuu.

Kwa hiyo safari hii mkuu wetu wa kituo akasema kabla hatujauliza, kwanza tutege masikio. Kwa wiki tatu, kila siku saa moja jioni, wakati wa kipindi cha salamu na muziki, tulipita mitaani na daftari. Kila nyumba ambayo redio yetu inasikika mpaka barabarani tuliiwekea alama. Hesabu za masikio, tuliziita, na tulijiona wajanja kweli.

Nyumba ya mdogo wetu ilipata alama kumi na tisa kwa siku ishirini na moja. Hakuna nyumba iliyoifikia. Nilivimba kichwa, kaka. Nilijisemea, angalau mmoja katika ukoo huu anaithamini kazi yangu. Mkuu wa kituo akaamua msikilizaji huyo apewe zawadi, redio mpya yenye spika mbili, nzito kama tofali. Niliibeba mimi mwenyewe pamoja na fundi mitambo. Mdogo wetu akanikumbatia, tukapigwa picha. Mkewe alisimama mlangoni pa jiko akatabasamu bila kufungua midomo. Sasa najua ni kwa nini hakuifungua. Meno mawili ya mbele yalikuwa yameshatoka.

Ndipo ikaja zamu ya maswali. Kanuni yetu inakataza mtu kumhoji ndugu yake, lakini fundi mitambo alikuwa na mafua na ile nyumba ilikuwa njiani kwangu. Nikakaa na wifi jikoni, yeye anamenya vitunguu. Nilipomuuliza kipindi gani kiongezwe, akasema hakuna. Nikamuuliza kipi kiondolewe, akasema salamu na muziki. Nilicheka, kaka. Nikamwambia mwenzio juzi tu kapewa zawadi kwa kipindi hicho, unataka afe kwa majonzi? Hakucheka. Akasema, "Basi kihamishieni asubuhi, akiwa kazini."

Nikaandika: anapendekeza muda ubadilishwe. Kisha nikaenda swali la kumi. Miaka sita ninaifanya kazi ya kuwauliza watu wanahitaji nini, na aliponiambia usoni mwangu nikaandika tu kwa mwandiko mzuri na kufungua ukurasa unaofuata. Hilo sitajisamehe.

Jumanne ya tarehe 25 mwezi uliopita nilikuwa mtaani kwao, narekebisha namba za nyumba zilizokosewa. Saa moja na dakika ishirini mtambo wetu ukaungua. Wimbo ukakatika katikati ya neno, nyumba zote kwa pamoja, na mtaa mzima ukawa kimya. Katika ule ukimya nikasikia waya unavuma hewani na kutua kwenye nyama. Nikausikia tena. Baada ya kila pigo ilifuata sauti ya mtu anayeguna kwa chini, kama anayenyanyua mzigo. Haikuwa hata kelele. Alishazoea kutopiga kelele.

Mdogo wetu alipiga mara tatu au nne zaidi kabla hajagundua kwamba muziki haupo. Akaacha. Nilipousukuma mlango nilimkuta ameinamia redio, anazungusha kitufe kutafuta kituo kingine, waya wa pasi ameuzungushia ngumi. Wifi alikuwa chini, kati ya kochi na meza. Uso wake upande mmoja ulikuwa umeshuka, damu inamtoka mdomoni na sikioni, imelowanisha zulia mpaka likafanya chapachapa nilipolikanyaga. Mdogo wetu akageuka akaniambia, kwa upole kabisa, "Dada, redio yenu imekufa."

Niliikwanyua ile redio mikononi mwake nikampiga nayo kwenye paji la uso. Akapiga goti. Nikampiga tena, na hapo ndipo mkono wangu ulipoteguka. Sitakudanganya, nilitaka kumpiga ya tatu, na ya nne, mpaka asiamke. Wifi ndiye aliyenizuia. Alijiburuta kwenye damu yake mwenyewe akanishika kifundo cha mguu.

Majirani walikuwa wameshajaa mlangoni. Fundi cherehani wa nyumba ya pili alisimama na futi yake shingoni. Akasema siku zote walidhani kwamba pale wanapenda muziki tu.

Hospitali wamemfunga wifi taya kwa waya, anakunywa uji kwa mrija. Sikio la kushoto limepasuka na daktari amesema halitasikia tena. Picha zimeonyesha mbavu tatu zilizovunjika zamani zikajiungia zenyewe vibaya. Miaka minne, kaka, tangu ndoa yao. Mdogo wetu ameshonwa nyuzi saba. Nilikwenda polisi mwenyewe nikaeleza aliyoyafanya yeye na niliyoyafanya mimi. Wakiniita nijibu la kwangu, nitakwenda.

Baadaye nilikaa na lile daftari la alama. Ukiacha ya mdogo wetu, nyumba zenye alama zaidi ya kumi na tano zilikuwa kumi na moja. Nikazirudia zote, asubuhi, waume wakiwa kazini. Saba zinapenda muziki kweli, na mojawapo ina mzee asiyesikia vizuri. Kwenye nne zilizobaki mwanamke alitazama mlango kwanza kabla ya kujibu. Mmoja alikunja mkono wa gauni lake tu, akanionyesha. Niliweka kalamu chini.

Nikawauliza wanataka tuwaletee kipindi gani. Nilikuwa nimejiandaa, kaka, nikawatajia mwanasheria, mshauri, mkunga. Wakanikatalia wote. Walichoomba ni kwamba tuwe tunakata muziki ghafla, dakika nzima, bila kutangaza, kila jioni kwa wakati tofauti. Mkuu wa kituo alisema redio inayonyamaza ni redio mfu. Alikaa na jambo hilo siku mbili, bila kula vizuri, kisha akakubali. Tumeanza Jumatatu iliyopita. Jumatano fundi cherehani aliusikia ukimya huo, akatoka na mkasi mkononi, akagonga mlango wa jirani yake wa upande wa pili mpaka ukafunguliwa.

Sasa nifike kwako. Baba Mdogo anatamba kwamba umemwahidi utamwandikia wifi barua, umwombe afute mashtaka, yamalizwe nyumbani. Shauri linasikilizwa Alhamisi, tarehe 20. Wifi anakuheshimu mno. Siku ya ndoa yao wewe ndiye uliyesimama mahali pa Baba, na amenijulisha kwamba ukimwomba atafuta. Kwa hiyo yote yako mikononi mwako, si mwa hakimu. Ukiandika, atarudi kwenye nyumba ile na sikio moja, na safari ijayo mimi sitakuwa mtaani.

Usifikiri simpendi mdogo wetu. Nilimbeba mgongoni mpaka nikapinda, nikamfundisha kufunga kamba za viatu, na hata sasa namwombea kila siku. Mama anasema nimeiuza damu yangu, ananiwekea sahani mlangoni kama naumwa ugonjwa wa kuambukiza. Na iwe. Nitasimama mahakamani niseme nilichokiona. Ninakuomba wewe kitu kimoja, usiiandike barua hiyo.

Nilikuwa nimeshamaliza hapa, lakini kuna jambo moja. Wifi hawezi kusema, anaandika nyuma ya madodoso yaliyobaki. Jana aliniandikia swali la kukuuliza wewe. Mwaka jana ulipokuja likizo ulifikia kwao, chumba kilichopakana na chao, na siku ya tano ukahamia huku kwa Mama, ukasema kelele za redio zinakuumiza kichwa. Anauliza kama ulichosikia kilikuwa redio tu. Nilimjibu kwa niaba yako, nikamwambia kaka angesikia angefanya kitu, namjua. Akaichukua tena karatasi akaandika chini yake: "Aligonga ukuta mara mbili. Mume wangu akaongeza sauti. Hakugonga tena."

Usinijibu mimi, kaka. Mjibu yeye.

Msalimie sana mama watoto, mwambie vitambaa alivyotuma vilifika. Wabusu watoto, hasa yule mwenye jina la Baba. Shangazi anakusalimu, na fundi mitambo pia, anakuulizia kila mara. Mungu akulinde huko ugenini, akupe usingizi, na akupe ujasiri wa kuandika kile kinachopaswa kuandikwa.

Ni mimi nikupendaye, hata katika hasira hii,
Dada yako wa kati