Macho ya Eno Konadu

Dufie, uko? Usinipigie, nikisikia sauti yako nitalia tena.

Bango la msiba wa mama mkwe, Eno Konadu, limeharibika. Nimeliharibu mimi.

Unakumbuka ile picha yake ya kanisani, kavaa shanga nyeupe, kasimama mbele ya ukuta mweupe? Niliandika programu fupi ya kuufuta ukuta, abaki yeye tu. Nikaiambia kila kilicho cheupe kiwe wazi. Kila kilicho cheupe, Dufie. Kwenye kompyuta nyuma yake kulikuwa na ukurasa mweupe, kwa hiyo sikuona kasoro.

Leo bango limetundikwa mbele ya ukoo mzima, na kitambaa chake ni cheusi. Shanga hazipo, meno hayapo, macho ni matundu.

Shangazi Pokuaa akasema, "Haya, mama kompyuta, ndiyo shule yako ya jioni hiyo? Umemzika kabla yetu."

Baba mkwe alilitazama weee, kisha akaniuliza taratibu, "Binti yangu, macho yake umeyaweka wapi?"

Macho yake umeyaweka wapi.

Na ni mama mkwe huyo aliyembeba mwanangu mgongoni kila jioni ili mimi niende darasani.

Nimeirekebisha programu. Sasa inafuta kuanzia pembeni na kusimama inapomfikia yeye. Mchapaji ameahidi bango jingine asubuhi, kabla ya mazishi.

Safari hii nimeijaribu juu ya weusi. Macho yamerudi. Ananitazama kama alivyonitazama mlangoni nilipochelewa kutoka darasani, na leo hasemi, "Njoo ule kwanza."