Machungwa ya Nafisa na Ubishi wa Ijumaa

Bakos, Iskandaria

Dada yangu Dawlat,

Nakutakia amani, wewe na shemeji Fathi na wanao wote. Magoti yanaendeleaje sasa baridi imeanza kuingia huko Mansura? Nimesikia unayapaka mafuta ya habasoda. Endelea nayo, ila usisugue kwa nguvu. Mimi sijambo. Usingizi ni mchache, nakula ninachoweza, na binti yangu Hana hunipitia kila anapotoka kazini. Jibini ulilonitumia lilifika salama, nikampa jirani kipande.

Siku ya arobaini ya marehemu mume wangu uliponishika mkono, ukanitaka nifunge nyumba nije kukaa kwako, nilikubali, nawe ukafurahi hata ukalia. Nakuandikia kwa sababu jambo hilo limebadilika, na sitaki ulisikie kwa simu ukadhani nimekasirishwa na mtu. Nivumilie, nianze mbali kidogo.

Unamjua Ustaadhi Labib, mwalimu mstaafu wa jiografia anayekaa ghorofa ya juu yetu. Hakuoa. Kwa miaka mingi alikuwa akishuka kwetu kila Ijumaa, Shawqi wangu akisharudi msikitini na shati lake alilolipiga pasi mwenyewe, maana hakumwamini mtu mwingine na kola. Niliwawekea chai, na mfungo wa Wakristo wenzake ukifika nilimtengea Labib maharage yasiyo na samli. Walizungumza mengi, lakini waanzie watakapo, waliishia palepale, kwenye filamu ya Machungwa ya Nafisa.

Nawe unaikumbuka, maana televisheni haikubali sikukuu ipite bila kuionyesha. Mimi nimekata vitunguu miaka yote hii nikiyasema maneno yake pamoja na waigizaji. Mwishoni Nafisa, muuza machungwa, analetewa habari kwamba mumewe amekufa kazini kwenye mfereji. Anafungua dirisha na kuyatupa machungwa barabarani, moja moja, mpaka kapu linabaki tupu. Nchi nzima hulia hapo. Ulaya waliipa tuzo, na magazeti huiita bora kuliko filamu zote tulizowahi kutengeneza.

Shawqi hakulia hata mara moja. Alisema sifa za filamu ile ni ndefu kuliko filamu yenyewe, na kwamba aliyeitengeneza hajawahi kulala hata usiku mmoja katika mtaa kama wetu. Mjane gani wa Bakos anatupa machungwa? Angeyabeba kesho yake mpaka makaburini pamoja na mikate ya shureik, ayagawe yawe rehema kwa roho ya mumewe, na maskini wamwombee dua midomo imejaa. Labib alimjibu kwamba uchungu haupigi hesabu, na kwamba mwenye kutafuta desturi aende kwa imamu, asiende sinema. Wakichoka na hoja walianza kuchokozana. Labib alisema, "Wewe Shawqi, hata mwezi mpevu utasema umesifiwa mno." Shawqi akasema mwezi haujawahi kumtoza kiingilio. Hapo nilijua ni wakati wa kuongeza chai.

Shawqi alipofariki, Labib alisimama na wanaume kwenye hema la matanga siku zote tatu, kisha hakushuka tena. Nilisikia viatu vyake juu ya dari, na Ijumaa nilisikia vikifika mpaka mlangoni kwake na kurudi. Nami nilianza kufunga vyombo kwenye makasha, kwa ajili ya safari ya kuja kwako.

Ijumaa iliyopita alibisha hodi. Alikaa kwenye ukingo wa kochi kama mgeni aliyeleta posa. Akaniambia, "Mama Hana, nimekuja kukiri. Marehemu alisema kweli. Filamu imesifiwa bure, na ile ya dirishani ni maigizo tu. Amenishinda." Nikamuuliza tangu lini ameona hivyo. Akasema hajaona kitu, ila hana moyo wa kumshinda mtu asiyeweza kumjibu.

Dada, ungetarajia nifurahi kwa niaba ya mume wangu. Sikufurahi. Nguo zake nilikwisha kuzitoa sadaka, duka lake la pasi limechukuliwa na mwenye nyumba. Kitu pekee cha Shawqi kilichokuwa bado kikipumua kilikuwa ubishi ule, na huyu bwana alikuja kuufunga macho mbele yangu.

Basi nikamwambia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata wewe uliyelala nami chumba kimoja siku zile za matanga. Sasa nakwambia.

Jioni ya mwisho Shawqi alirudi na mfuko wa mapera, akautundika nyuma ya mlango wa jikoni. Alisema yaachwe yaive. Kesho yake mchana akaanguka na kufa kazini, mkono juu ya meza ya pasi. Wanawake walipojaa nyumbani waliuliza harufu ile nzuri inatoka wapi, nami nikafunga mlango wa jikoni. Hana alipotaka matunda ya kugawa makaburini nilimwambia hakuna, anunue. Wewe ulipoondoka na nyumba ikanyamaza, niliketi chini sakafuni nikayala. Niliyala yote, peke yangu, yaliyolainika na yaliyopata weusi, na yaliyoingia funza pia. Sikulia. Niliogopa tu asije mtu akaniomba moja. Ilikuwa rehema yake, Dawlat, nami nikaila.

Nilimwambia Labib kwamba wote wawili walikosea. Nafisa hakupaswa kutupa, na kumbe hakupaswa kugawa.

Aliizungusha glasi yake kiganjani. Nilidhani nimemchukiza. Kisha akasema polepole, "Hilo hakuna anayeweza kulipiga picha. Watu wangetoka ukumbini." Nikasema watoke. Akakohoa, akasogea nyuma kwenye kochi, akasema lakini ukitazama vizuri, Nafisa naye hakumpa mtu hata chungwa moja, kwa hiyo dirisha lile lina ukweli ndani yake, na filamu bado ni kubwa. Nikamwambia hapana, anayetupa amekwisha shiba machozi ya watazamaji, hana njaa yoyote. Akasema nazungumza kama mtu aliyeiona filamu akiwa jikoni. Nikamjibu jikoni ndiko Nafisa angekuwa, kama angekuwa mtu.

Akaweka glasi chini. "Mama Hana, unabisha vibaya kuliko marehemu. Yeye alau alikuwa akiniacha nimalize." Nikamuuliza kama anataka chai nyingine au anataka kumaliza. Akataka vyote viwili. Alipanda kwake alasiri imekwisha, na kwenye ngazi nilimsikia bado akijijibu.

Kwa hiyo, dada yangu, nimevirudisha vyombo kabatini. Nisamehe. Nyumba yako naipenda na wewe nakupenda zaidi, na nitakuja nikae siku nyingi, ila niondoke Alhamisi, niiwahi Ijumaa. Hana nimemweleza kwamba sihami. Habari ya mapera sijamweleza, na wewe usimweleze. Nitamwambia mwenyewe moyo ukitulia.

Nina ombi moja. Sikukuu ikifika mkaitazama, niandikie uonavyo mwisho ule. Usikubaliane nami kwa sababu ya huruma, kwani wanaonihurumia wananitosha. Nikatalie, uniambie kwa nini, nami nitapeleka neno lako kwa Labib nione atalifanya nini.

Mpe Fathi salamu zangu, na wabusu watoto mmoja mmoja, yule mdogo mara mbili. Mungu akuhifadhi, akupunguzie maumivu ya magoti.

Ni mimi mdogo wako,
Insaf