Nyumba ya Mama, Mkabala na Zimamoto

Alhamisi, 1 Mei

Kisanduku kingine! Nimekiona asubuhi nikienda gereji. Kisanduku cheusi cha funguo, chenye namba za siri, kimepigiliwa ukutani kwenye nyumba ya marehemu Bi. Iveson. Hata mwaka haujaisha tangu tumzike. Wageni wa likizo watakuja Ijumaa, watabonyeza namba, watapiga picha kondoo, Jumatatu hao wameondoka. Majira ya baridi upande wetu wa barabara kulikuwa na taa kwenye nyumba mbili tu — yangu na baa ya Desmond. Nyingine zote giza. Nzuri, zimepakwa rangi, zina maua mlangoni, na ndani hamna mtu!

Naandika hapa kituoni. Nikikasirikia nyumbani paka anakimbia. Gari la zimamoto limenizoea.

Leo ilikuwa siku ya kukagua vifaa. Kit kaja, kakunjua mipira ya maji, kaikunja, hajasema neno. Si kawaida yake. Yeye anajenga kuta za mawe huko mashambani, kutwa peke yake na kondoo, akifika hapa huwa hafungi mdomo. Nikamuuliza una nini. Akasema mwenye nyumba kawapa notisi, yeye na Bethan na mtoto, na Bethan ana mimba ya miezi sita. Nyumba inageuzwa ya wageni.

"Tena kaniuliza vizuri tu, Mkuu. Bethan anaendeleaje, mtoto anacheza? Halafu kanipa barua."

Mshenzi! Kauliza mimba inaendeleaje kisha kaifukuza!

Kit akihama tumekwisha. Hapa hakuna aliyeajiriwa kuzima moto kutwa. Mimi, mkuu wa kikosi, ni fundi magari, Desmond muuza baa, Hazel mwalimu wa shule, Kit na mawe yake. Peja, kile kidude cha mwito tunachovaa kiunoni, ikilia kila mtu anaacha alichoshika anakimbia. Lazima uwe unaishi karibu, na gari halitoki bila watu wanne. Wanne ndio sisi. Hatuna wa akiba, maana watu wenyewe wako wapi?

Jumamosi, 3 Mei

Sijalala vizuri kwa hasira, lakini jibu ninalo tangu jana. Nyumba ya Mama!

Iko tupu tangu tumpeleke Mama kwenye nyumba ya wazee baada ya Krismasi. Inatazamana na kituo. Kit akiishi pale atafika kwenye gari kabla hata hajamaliza kuvaa viatu. Na nyumba ile ni yake tayari. Bonde zima linajua.

Ilikuwa kwenye maonyesho ya kondoo, vuli ya mwaka juzi, Mama akili zake bado timamu kabisa. Mama alinyoosha mkono mbele ya watu, Kit akaupiga kofi, Mama akaupiga wa kwake, basi, wamepatana bei. Halafu Mama akatoa sarafu ya pauni mbili kwenye pochi akamrudishia, pesa ya heri, kama muuzaji yeyote mwenye adabu anavyomrudishia mnunuzi. Hivyo ndivyo tunavyouziana kondoo, ng'ombe, malisho, na nyumba pia. Siku Mama akiondoka, Kit anunue kwa bei hiyo. Toka siku hiyo kijana kajenga upya ukuta wa nyuma ulioanguka, kapanga upya vigae vya paa, hakudai senti. Nani alipwe wakati anatengeneza kwake?

Hakuna aliyeandika kitu. Ungeleta karatasi pale, Mama angekupiga nayo usoni.

Nimempigia Clive. Mdogo wangu, anaishi Leeds, anauza bima. Nyumba ya Mama haiuzwi bila saini zetu sote wawili.

"Karatasi iko wapi?" ndilo neno lake la kwanza.

Nikamwambia walipigana mikono.

"Dada, mkono si mkataba. Uliza mwanasheria yeyote."

Huyu alizaliwa kwenye chumba cha juu cha nyumba ile ile!

Jumatatu, 5 Mei

Sikukuu. Barabara imejaa, baiskeli, misafara ya magari ya kulala ya watalii, mbwa waliovalishwa makoti. Clive kaja na keki ya dukani. Tumekaa jikoni kwa Mama, baridi, jiko halijawashwa toka Januari.

Kasema dalali kapima nyumba. Kataja bei. Nikacheka, nilidhani anatania. Kit hawezi kupata pesa hizo hata akijenga ukuta kutoka hapa mpaka Scotland.

Nikamwambia kuhusu kikosi. Nikamwambia nani atakuja kijiji chetu cha Skelbeck kikiungua. Kanisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akasema, polepole, "Na Mama je? Unajua pale anapolala wanatoza kiasi gani kwa wiki? Ukimpa Kit nyumba kwa bei ya huruma, akiba ya Mama ikiisha watamhamishia wapi? Utamweka gereji?"

Hapo hakosei. Ndicho kinachoniuma zaidi. Ningependa awe mlafi tu, nimchukie nimalize. Lakini Mama pale ana dirisha linaloona mto, na yule muuguzi anayemwimbia. Sitaki ahamishwe.

Nikasema, "Si bei ya huruma. Ni bei ya Mama."

"Mama hakumbuki hata siku ya leo, Marion."

Nikaondoka. Keki nimewaachia panya.

Jumatano, 7 Mei

Nimeenda kumwona. Nikamuuliza moja kwa moja: Mama, nyumba ulimuuzia nani?

Kanitazama. "Wewe ni msichana wa posta?"

"Mimi Marion, Mama."

"Marion yuko shule."

Nikamtajia Kit Alderson. Uso ukafunguka! Akanyoosha mkono hewani, kiganja juu, akangoja. Nikaupiga. Akaupiga wangu — bado ana nguvu, kiganja kiliwasha. Halafu akaanza kutafuta pochi yake kwenye blanketi, kila mahali, chini ya mto, kwenye mikono ya sweta, akaanza kulia kwamba wamemwibia, sasa atampaje mtu pesa yake ya heri. Muuguzi akaja akamtuliza.

Nimelia garini. Kisha nimempigia Clive nimweleze. Kasema, "Dada, hilo si ushahidi." Nimekata simu.

Jumapili, 11 Mei

Kibao! INAUZWA, herufi nyekundu, kimesimikwa kwenye bustani ya Mama, juu ya mizizi ya waridi zake. Skelbeck hatujawahi kuweka vibao. Mtu akitaka kuuza ananong'ona baa, wiki inayofuata kila mtu anajua.

Nimeking'oa. Nimekipeleka gereji, nimekitandika chini ya trekta ya Raymond, mkulima wa kilimani, inayovuja mafuta. Kazi hiyo inakifaa.

Jioni Clive kapiga.

"Umeng'oa kibao cha dalali?"

"Upepo."

"Upepo wa huko una koleo?"

Karibu nicheke. Tulikuwa tunacheka sana zamani, mimi na yeye. Kisha akasema muda unakwenda, akiba ya Mama ni ya mpaka vuli tu, na mimi nisiposaini ataenda mahakamani. Mdogo wangu! Mahakamani!

Ijumaa, 16 Mei

Mkutano ukumbini, habari ya kikosi. Mkubwa wa zimamoto wa wilaya katoka mjini, kasema kiungwana kabisa kwamba kituo kisichokuwa na watu wanne "hakitahesabiwa kuwa kinafanya kazi". Gari litabaki lakini litakuwa pambo. Moto ukitokea lije gari la mjini.

Makelele! Aliyepiga kelele kuliko wote ni Raymond Fawcett. Kapanda juu ya kiti, uso mwekundu, watu wa nje wametumaliza, watoto wetu hawana pa kulala, aibu, aibu! Watu wakapiga makofi.

Nami nikasimama. Nilikuwa nimekaa na hayo kifuani mwezi mzima. Nikamuuliza, "Raymond, zile nyumba mbili za vibarua wako ulimuuzia nani?"

Akashuka kwenye kiti.

"Na lile ghala lenye madirisha ya vioo mpaka chini?"

"Marion, nilikuwa na deni la —"

"Kila mtu alikuwa na lake! Hawakuja na bunduki hao watu wa nje. Sisi ndio tuliowafungulia mlango, tukawapa na chai!"

Hakuna aliyepiga makofi. Desmond kanisindikiza nje, kasema, "Umemaliza marafiki wote usiku mmoja, Mkuu. Njoo unywe." Sikutaka kunywa.

Raymond hatanisalimia tena. Basi asinisalimie. Trekta yake ninayo.

Jumanne, 20 Mei

Kit karudisha peja.

Kaiweka mezani hapa kituoni, na kofia, na buti zimepigwa rangi. Halmashauri imewapatia nyumba mjini, chini kabisa ya bonde, karibu na kiwanda cha maziwa. Wanahamia kesho. Bethan kamwambia hazai mtoto kwenye masanduku.

"Ungesubiri," nikasema. "Sijasaini. Sisaini."

"Mpaka lini, Mkuu? Ndugu yako anakwenda mahakamani, kila mtu anajua. Na mama yako naye apate wapi hela? Mimi nimpore bibi kizee kitanda chake?"

Kumbe kalifikiria. Kalifikiria kuliko mimi. Na hapo ndipo hasira ilipanda, sijui kwa nini kwake yeye, asiyekosa lolote. Nikamwambia, "Haya nenda! Ukuta mmejengewa bure, nendeni!" Nimechanganya mpaka maneno. Yeye ndiye aliyejenga.

Akanyoosha mkono. Sikuuchukua. Akauweka mfukoni akaondoka.

Mjinga mimi. Lakini sijapoa.

Jumatano, 21 Mei

Gari la mizigo limepita saa nne. Kiti cha mtoto kimefungwa juu. Nilijificha chini ya gari la mtu nikijifanya nafunga bolti.

Nimempigia Clive. Nimemwambia alete wateja wake. Nitasaini. Nyumba bila Kit ni mawe tu, na Mama anahitaji dirisha lake. Clive kashukuru. Laiti angepiga kelele za ushindi, ningepata wa kumtukana.

Ijumaa, 23 Mei

Herufi zinaruka. Naandika kwa sababu hakuna kingine ninachoruhusiwa kufanya.

Wateja walifika saa nane. Mume na mke kutoka kusini, watu wa upole, wameniudhi kwa upole wao. Mke anagusa kila kitu — oh, hili jiko, oh, hili jiwe. Mume kasimama dirishani kwa Mama, katazama huku kituoni, kauliza hicho kituo kina kelele? Kabla sijafungua mdomo peja ikalia.

Nilikimbia. Mazoea ya miguu. Nimefika nikafungua mlango, nikawasha injini. Desmond kaja na taulo la baa begani. Hazel kaja kutoka shule na chaki mikononi. Tukavaa. Tukageuka kumtazama wa nne.

Ni kwa Raymond. Ghala la majani. Ndani yake kuna wanakondoo wasio na mama anaowanyonyesha kwa chupa. Moshi unaonekana hapa nilipo, mweusi, juu ya shule. Kwa gari hili ni kupandisha kilima tu!

Nimewaambia makao makuu tuko watatu. Wamesema tusiondoke. Gari la mjini liko njiani. Nikauliza liko wapi. Limekwama nyuma ya magari ya kulala, mwanzo wa likizo, barabara imejaa. Nikaomba. Nimeomba mara tatu. Wamesema tusiondoke, na sauti ya yule msichana wa makao makuu ilikuwa inaomba radhi.

Hazel kakaa kwenye ngazi ya gari analia kwa hasira. Desmond kasema twende, watatufukuza kesho. Nikamwambia watatu ndani ya moshi, mmoja akianguka nani anamtoa? Tulimzika baba yake Hazel kwa hilo hilo. Desmond akaweka kofia chini. Raymond kapiga simu kwangu. Nimepokea. Alikuwa anahema tu, na nyuma yake nawasikia wanakondoo.

Yule mume wa kusini kavuka barabara.

"Samahani. Mbona hamwendi?"

"Tunamsubiri mtu wa nne."

"Yuko wapi?"

Nikamwonyesha nyumba aliyotoka kuitazama. Hakuelewa. Akageuka, akaitazama, akanitazama mimi.

Clive kaelewa. Alikuwa nyuma yake, na viatu vyake vya ofisini, kalamu ya kusainia bado mkononi. Kavua koti. "Nipeni nguo. Naweza kushika mpira." Hairuhusiwi, nikamwambia. Hujafunzwa. "Nilikulia hapa!" Hairuhusiwi, Clive.

Kasimama. Moshi umepanda umefunika mlima. Kisha kaniuliza, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa watoto, "Namba ya Kit ni ipi?"

Yuko chini ya bonde, nikasema, nyuma ya foleni ile ile.

"Nipe namba."

Nimempa. Yuko hapo nje kwenye lami, simu sikioni, mkono mwingine ameunyoosha mbele yake, kiganja juu, sidhani kama mwenyewe anajua. Inaita. Sijui atamwambia nini, wala kama Kit atapokea.