Mama Alivyoisalimu Setilaiti

Dodoma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Na hapo Katubuka mmeshindaje na mvua? Sisi ni wazima, na leo siwezi kuandika polepole: Mama amefika!

Unajua mke wangu Zawadi alivyokuwa na hofu. Hana mama, na uzazi wa kwanza si mchezo. Kila asubuhi ananiuliza, "Mama atawahi?" Namjibu, "Atawahi," huku roho yangu iko juu juu, maana treni ya kutoka huko mnaijua wenyewe.

Ila hapa kazini, kwenye chumba cha kuongozea treni, tuna mtambo mpya. Kila injini imefungwa kifaa kinachowasiliana na setilaiti, nasi tunaiona kwenye skrini ikitembea, kinukta juu ya reli. Siku ile kinukta kimoja kilikuwa kimembeba Mama. Kabla ya Tabora ilibidi wapishane na treni ya mizigo. Zamani wangekaa stesheni kutwa nzima, maana hakuna aliyejua kwa hakika mizigo imefika wapi. Safari hii tuliiona: bado iko mbali kabisa. Mkuu wangu akasema, "Waruhusu, wakapishane stesheni ya mbele." Nikawaruhusu, Baba. Nusura nicheze juu ya meza!

Sasa sikia vituko vya mkeo. Nilikuwa nimemwambia, "Panda tu, nitakuona njia nzima kwa setilaiti iliyo juu." Basi kila stesheni alijifunga kitenge vizuri, akatoa kichwa dirishani, akapiga makofi ya salamu kama desturi yetu Waha, macho juu: "Mwakeye, mwanangu!" Kufika Kaliua, wanawake wa behewa zima walikuwa wanapigia mbingu makofi. Aliposhuka hapa, neno lake la kwanza: "Mbona huitikii?" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kesho yake uchungu ukaanza. Zawadi alikwenda hospitali ameshikwa mkono na Mama, na sasa tuna binti, Baba. Zawadi alilia, akasema, "Leo na mimi nina mama." Nami nililia, sikufichi.

Nisalimie shangazi Mwajuma, muuza dagaa wa Katonga, na mdogo wangu Godi wa bodaboda, mwambie apunguze mwendo.

Mtoto hana jina bado. Nilitaka ulitaje kwa simu, Zawadi amekataa katakata. Anasema babu atalitamka mwenyewe, mjukuu akiwa mapajani pake.

Njoo, Baba.

Mwanao, ambaye sasa naye ni baba,
Elia